Kibuyu Kisichooshwa

Yuditha alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache aliyatoa kwa kipimo, kama mtu anayegawa chumvi wakati wa uhaba. Kwa hiyo siku ile aliporudi kutoka Korogwe pamoja na wifi yake Raheli, akakikuta kibuyu cha ukoo kinameta kwa mafuta, kimevishwa mkanda wa ngozi wenye shanga nyekundu na nyeupe, hakusema kitu. Alitua mzigo wake chini, akaukalia, akakitazama.

Kibuyu kilikuwa mikononi mwa Naanyu, mke wa mwanawe Hiza, binti wa Kimasai kutoka mbuga za chini, mwenye miezi saba tu katika nyumba ile. Binti wa watu alikuwa anatabasamu mpaka fizi.

"Shikamoo, yeyo," alimwamkia mama mkwe wake kwa jina la mama la kwao. "Shikamoo, shangazi. Karibuni. Yeyo, nilipokuwa nafunga vyombo vya kuhama navyo nimekiona kibuyu chako darini. Kilikuwa kinanuka uchachu, na ndani kimeganda uchafu. Nimekikwangua, nimekiosha kwa maji ya moto mara tatu, halafu nikakichoma ndani kwa kijinga cha mzeituni mwitu, kama tunavyofanya kwetu kwa vibuyu vya maziwa. Sasa hata wageni wakija siku ya kuhama, hakuna wa kukucheka."

"Umekiosha?" Raheli aliuliza.

"Ndiyo, shangazi."

"Umekiosha," Raheli alirudia, na safari hii hakuwa anauliza. Kisha alishika kichwa, akaangua kilio ambacho jirani wa kilima cha pili alikisikia, akatuma mtu kuuliza ni nani aliyefariki.

Hapa sina budi kusimama nikueleze habari ya kibuyu hiki, maana asiyeijua ataona wanawake wawili wazima wanachukia usafi.

Katika vilima vile vya juu ya Kwedizinga, mvua za masika zikikatika, mikole hujaa matunda. Kole ni vitunda vidogo sana, vinaanza vya kijani, vinageuka rangi ya chungwa, na vikiiva kabisa vinakuwa vyeusi na vya kunata. Watoto huvila wakichunga mbuzi. Nyama yake ni kidogo mno, sehemu kubwa ni kokwa, na mwenye haraka hana faida navyo. Lakini ukizianika kole siku moja juu ya ungo, ukazitwanga polepole bila kupasua kokwa, ukaziloweka katika maji ya vuguvugu na kuzichuja kwa kung'uto, unapata maji mekundu yaliyokoza, matamu na makali kwa pamoja. Yatie asali kidogo, yamimine kibuyuni, na baada ya siku tatu yanachemka yenyewe bila moto. Wengine waliyaita togwa, wengine pombe. Padri aliyepita huko mara moja kwa miezi mitatu aliyaita dawa ya tumbo, na tumbo lake, maskini, halikupona kamwe. Nyumbani kwa marehemu Semboja, mume wa Yuditha, yaliitwa maji ya mama.

Mama mwenyewe alikuwa mama yao Semboja na Raheli, aliyeingia katika nyumba ile akiwa bibi harusi, na kibuyu hicho kwapani. Nguvu ya kibuyu ilikuwa katika mashapo. Kila mwaka kinywaji kikiisha, mashapo yaliachwa chini yakauke, kibuyu kikazibwa kwa gunzi na kutundikwa darini hadi kole za mwaka unaofuata. Hakikuoshwa hata siku moja. Mashapo ya mwaka huu yalizaliwa na ya mwaka jana, na ya mwaka jana yalizaliwa na ya mwaka juzi, mpaka kwa mama, mpaka kwa mama yake mama. Bibi yule alipokuwa anakata roho alimwita mkaza mwana wake Yuditha, akamwekea kibuyu mapajani, akamwambia, "Humu ndimo nilimo. Usiniache nikakauka."

Tangu hapo, kila mwaka, Semboja ndiye aliyekunywa wa kwanza. Alipokea kata kwa mikono miwili, akapiga funda moja, akasema, "Shikamoo, mama." Kisha kata ilizunguka nyumba nzima, na kila aliyekunywa alisema hivyo hivyo. Yuditha peke yake alikunywa kimya. Watu walisema ndivyo alivyo yule, hana maneno mengi.

Semboja alifariki wakati wa vuli, akazikwa nyuma ya nyumba ubavuni mwa mama yake. Na sasa, mwaka wa sabini na nne, ilikuja operesheni. Watu wote waliokuwa wametawanyika vilimani walitakiwa kushuka kwenye kijiji cha ujamaa kando ya barabara, ambako viwanja vilikuwa vimepimwa kwa kamba na nyumba kupangwa mstari. Lori la kuchukua vyombo lilikuwa lije Jumatatu ya mwisho wa Julai. Ukoo ulikubaliana kwamba Jumamosi kabla ya lori watakutana kwenye mji wao wa zamani, watakunywa maji ya mama kwa mara ya mwisho mahali pale, watawamwagia kidogo waliolala, ndipo wahame. Yuditha alikuwa amekwenda Korogwe ya Zamani, anakoishi Raheli karibu na mto, kumpa taarifa na kurudi naye. Siku mbili tu alizokosekana, na siku hizo mbili zilimtosha Naanyu.

Jioni ile Hiza alirudi kutoka kwenye josho la ng'ombe, ananuka dawa ya kupe kama kawaida yake. Alimkuta mkewe amejikunyata jikoni, shangazi yake ukumbini, na mama yake katikati.

"Mama, hakujua," alisema.

"Najua hakujua," Yuditha alijibu.

"Kutojua hakurudishi kitu!" Raheli alidakia. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi siku za kawaida, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. "Msinione nina roho mbaya. Msichana ana adabu, anafanya kazi, anaamka mapema. Lakini tazameni. Makaburi tunayaacha. Mashamba tunayaacha. Miti ya baba tunaiacha. Huko tunakokwenda, nyumba yangu na ya mtu wa Lushoto na ya mtu nisiyemjua zote zinafanana kama sahani za duka moja. Kitu kimoja tu cha mama kilikuwa kinahama na sisi, na huyu amekichoma moto. Mimi ndiye mtoto wa mwisho wa mama niliye hai. Nikinyamaza mimi, atasema nani?"

Kila neno lilikuwa kweli.

Raheli akatoa uamuzi wake. Jumamosi hiyo hiyo, mzee Kasmiri, mwana wa baba yao mkubwa na mkubwa wa ukoo, akifika, yeye ataliweka jambo mbele yake. Aliyemuua mama hawezi kuwa mama wa nyumba. Jumatatu lori likishuka na vyombo, Naanyu naye ashuke nalo, lakini njia panda ya mbugani ateremke, arudi kwa baba yake Loserian. Na Kasmiri, wote walimjua, hakuwahi kumpinga Raheli tangu wakiwa watoto.

Naanyu aliinuka jikoni bila kuitwa, akachukua kibuyu chake kinachong'aa, akakipeleka ukumbini na kukiweka miguuni mwa shangazi. Kisha akarudi gizani kwake. Alikuwa ametumia usiku mzima uliopita kushona zile shanga.

"Zimebaki siku kumi na moja," Yuditha alisema hatimaye. "Kole zimeiva. Tutatengeneza."

"Kwa chachu gani, wifi?"

"Tutatengeneza."

Raheli alimtazama kwa huruma, akidhani majonzi yamemwingia kichwani.

Kesho yake asubuhi, umande ukiwa bado majanini, Yuditha alichukua ungo mmoja, akampa Naanyu wa pili, wakapanda mlimani. Mikole ilikuwa imeinama. Yuditha alichuma kwa namna aliyofundishwa na mama mkwe wake: vidole vitatu, kole moja moja iliyoiva, hukung'uti tawi, hupandi juu, na zile za kileleni huzigusi kwa sababu ni za ndege. Alijiandaa kumfundisha mwenzake. Lakini alipogeuka alimwona Naanyu anachuma vile vile, vidole vitatu, na kileleni hagusi.

"Nani kakufundisha?"

"Huu mti kwetu ni mti wa heshima, yeyo. Wazee wanaukata kwa kuomba. Watoto tunakula matunda yake machungani, lakini ukimaliza tawi lote unapigwa." Alichuma kole mbili tatu. Halafu, kwa ile sauti ya mtoto anayeuliza jambo lililomsumbua usiku kucha, alisema, "Yeyo, nikuulize?"

"Uliza."

"Yule bibi wa kwanza kabisa. Aliyeanza. Yeye hakuwa na mashapo ya kuachiwa na mtu. Chachu aliitoa wapi?"

Ungo uliinama mkononi mwa Yuditha, na kole kama ujazo wa kiganja zikamwagika majanini. Aliinama kuziokota. Aliziokota taratibu mno, moja moja, akipuliza kila moja, hadi Naanyu akaona aibu kwamba ameuliza neno baya.

Siri ya mtungi aijuaye kata, ndivyo walivyosema wahenga. Yuditha ndiye aliyekuwa kata ya kibuyu kile, na kilichokuwa ndani alikijua peke yake kwa miaka thelathini na moja.

Ilikuwa wakati wa vita vya Hitla. Mama mkwe alikuwa amekwisha kuzikwa, na Semboja, kabla ya kifo hicho, alikuwa amechukuliwa kwenda kukata mkonge mbali, harudi mpaka mkataba uishe. Masika hayakunyesha. Vuli hazikunyesha. Mikole ilipukutisha majani ikasimama kama fito. Watu walikula mizizi, wakala ngozi, na Yuditha, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini, maziwa yalimkauka na mtoto mgongoni. Mtoto huyo alikuwa Hiza. Asubuhi moja mtoto hakulia tena. Alikuwa anamtazama tu. Yuditha aliangalia kila pembe ya nyumba akitafuta kitu ambacho kimewahi kuwa chakula, na macho yake yakafika darini.

Alikishusha kibuyu. Alikwangua mashapo yote kwa kijiti, mpaka chembe ya mwisho, akayachanganya na maji na kiganja cha pumba, akapika uji mwekundu mwembamba. Akamlisha mtoto kwa kidole. Jioni akamlisha tena. Siku ya tatu Hiza alilia, na Yuditha alilia naye, kwa furaha na kwa hofu, kwa sababu alijua amemlisha mwanawe bibi yake.

Mvua ziliporudi na kole kuiva alizichuma nyingi, akazitia kibuyuni hivyo hivyo, bila kuziosha, kwa vile maji yalikuwa mbali na yeye hakuwa na nguvu. Alikaa akitazama. Siku tatu kimya. Siku tano kimya. Siku ya sita kibuyu kilianza kunong'ona. Chachu ilikuwa imekuja na kole zenyewe, juu ya maganda yake, kutoka porini. Kinywaji cha mwaka ule kilikuwa kikali, lakini cha mwaka uliofuata kilitulia. Semboja akarudi, amekonda, nywele zimeanza kuwa nyeupe, akaambiwa mama hayupo ila kibuyu kipo. Alipokea kata kwa mikono miwili, akanywa, machozi yakamdondoka. "Shikamoo, mama," alisema.

Hapo ndipo Yuditha alipotakiwa kusema. Hakusema. Na neno usipolitoa siku yake, kesho yake linakuwa zito zaidi, na keshokutwa hulibebi tena. Mwaka hadi mwaka mumewe aliamkia kitu ambacho mkewe alijua si mama. Ndiyo maana yeye alikunywa kimya. Kumdanganya mtu aliye hai aliweza, Mungu amsamehe, lakini marehemu alimwogopa.

"Tusizioshe," alimwambia Naanyu walipofika nyumbani na nyungo zao. Hilo tu.

Walizianika, wakazitwanga, wakazichuja. Naanyu alizunguka na mchi kwa mkono mwepesi, hakupasua kokwa hata moja. Raheli aliketi mbali amekunja mikono, lakini pua yake ilikuwa kazini, na mara mbili alisahau hasira yake akasema, "Maji ni mengi mno hayo, ongezeni kole." Yakamiminwa katika kibuyu kile kile chenye shanga, kikawekwa karibu na jiko. Siku tatu kimya. Siku tano kimya. Naanyu alikuwa anaamka alfajiri, anaweka sikio ubavuni mwa kibuyu kama mkunga. Siku ya saba alikimbia uani na kitenge kimemdondoka begani.

"Yeyo! Kinaongea!"

"Kinachemka," Raheli alisema bila kuinuka. "Hata maji ya miwa yakiachwa yanachemka. Hiyo ni pombe, mwanangu. Si mama."

Tabasamu la Naanyu lilizima. Usiku wa Ijumaa, Yuditha alimwona akifunga mzigo wake: mashuka mawili, kibuyu chake kidogo cha maziwa, mkebe wa shanga. Alifunga vizuri, fundo kwa fundo, bila kulia. Kutolia huko ndiko kulikomkosesha Yuditha usingizi. Alifikiri: nikinyamaza, kesho heshima yangu inabaki kama ilivyo. Wataendelea kusema Yuditha alitunza miaka thelathini na moja, na mgeni akaharibu kwa siku mbili. Watanihurumia. Huyu ataondoka, na kosa langu ataondoka nalo kwenye hilo fundo.

Jumamosi walikuja watu wapatao ishirini. Mzee Kasmiri alikalia kigoda barazani, fimbo katikati ya magoti, na kofia yake ya sufi ambayo haikujua joto wala baridi. Hiza alisimama karibu na nguzo. Naanyu alikaa chini kando ya mlango, mzigo wake nyuma yake. Raheli alieleza habari yote tangu mwanzo, na alieleza kwa haki, hakuongeza chumvi. Alipofika mahali pa kijinga cha moto watu waliguna kwa pamoja.

Kasmiri alijikohoza. "Sasa," alianza, "kwa kuwa jambo lenyewe..."

"Shemeji," Yuditha alisema. "Nisikilizwe kwanza."

Hakuna aliyekumbuka lini Yuditha alimkatiza mtu mzima kauli.

Alisimama. Aliikutanisha mikono tumboni. "Huyu hakumuua mama," alisema. "Asingeweza. Mama hakuwemo. Nilimtoa mimi, mwaka ule wa njaa." Akaeleza. Alieleza kwa maneno yake machache: mikole iliyokauka, mtoto asiyelia, kijiti, uji mwekundu. Aliwaambia kole zilikuja na chachu yake toka porini. "Hii mnayoililia leo, niliianzisha mimi, kwa kole zisizooshwa. Semboja alikufa bila kujua. Nilimwacha aamkie maji ya porini maisha yake yote, kwa sababu niliogopa. Sasa kama mtu wa kurudishwa kwao yupo, ni mimi. Ila kwetu hakuna mtu tena, kwa hiyo mtanionyesha pa kwenda."

Hiza aliteleza na ile nguzo mpaka akakaa chini. Alikuwa ameweka mkono juu ya tumbo lake bila kujua.

Raheli alisimama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Miaka thelathini na moja," alisema, na sauti yake kubwa ilikuwa imekwisha. "Mimi natoka Korogwe, napanda basi, natembea mlima wote huu na miguu yangu mibovu, nakunywa, nalia. Miaka yote hiyo, Yuditha, ulikuwa unaninywesha nini?"

"Maji ya kole, wifi."

"Na ulikuwa unanitazama nikiamkia!"

"Nilikuwa nakutazama."

Raheli aliangalia huku na huku kama mtu anayetafuta kitu cha kuvunja. Macho yake yakaangukia kibuyu. Alikiendea, akang'oa gunzi, na wote walidhani atakimwaga. Badala yake alijaza kata mpaka pomoni, kwa hasira, yakamwagika mkononi. "Basi leo nayanywa nikijua," alisema. "Niyaonje hayo maji ya porini kwa akili zangu timamu."

Akanywa funda moja.

Hakumeza mara moja. Alisimama na kinywa kimejaa, amekodoa macho, kisha akayafumba. Alimeza. Akanywa la pili, polepole.

"Yana moshi," alisema.

"Ni kile kijinga, shangazi," Naanyu alisema kutoka mlangoni, kwa sauti ndogo. "Nisamehe. Moshi hautoki haraka."

Raheli hakuonekana kumsikia. "Mama alikuwa ananuka moshi," alisema. "Mmesahau nyote? Kasmiri, wewe umesahau? Jiko lile la ndani, na yeye mwaka mzima ameinamia vyungu. Ukimkumbatia, moshi. Ukilala kwenye kanga yake, moshi. Nilipoolewa Korogwe nilichukua kanga yake moja nisiifue, nikawa nainusa mpaka harufu ikaisha. Nilikaa nikalia siku ilipoisha." Midomo ilianza kumcheza. "Miaka yote nanywa maji haya nasema shikamoo mama, shikamoo mama, na moyoni nasema mbona simsikii. Nikidhani ni uzee."

Akaishika ile kata kwa mikono miwili, namna Semboja alivyokuwa akishika.

"Shikamoo, mama," alisema, na akalia kwa kwikwi kama msichana wa miaka kumi.

Kasmiri alivua kofia yake. Alingoja mpaka kilio kimepungua, akapokea kata, akaonja, akatikisa kichwa muda mrefu. "Basi mimi sioni shauri hapa," alisema. "Naona watu wana kiu." Alimwamkia mama. Hiza alifuata. Aliangalia ndani ya kata kabla ya kunywa, kisha akamwangalia mama yake, akanywa na kuamkia. Kata ikazunguka, kila mmoja na shikamoo yake, wengine wakilia, wengine wakimeza mate wakingoja zamu.

Raheli alimfuata Naanyu pale mlangoni. Aliinama kwa taabu, akafungua lile fundo la mzigo kwa vidole vyake vinene, akatoa mkebe wa shanga. "Mkanda umeuacha mfupi," alisema, akipenga kamasi. "Kibuyu cha kusafiri na lori kinataka mkanda mrefu. Urefushe kabla ya Jumatatu." Kisha akaongeza kwa ukali, ili asionekane amelegea kabisa, "Na usikioshe!"

"Sikioshi, shangazi."

"Lakini mwakani, kole zikikaribia, kichome kidogo."

Ilibaki zamu ya Yuditha. Alipokea kata, na watu hawakumtazama sana, maana walizoea kwamba yeye hunywa kimya. Alitoka nayo nje, akazunguka nyumba mpaka kwenye makaburi mawili. Nyuma yake alisikia wanamfuata. Alimwaga kidogo kwa Semboja, akasimama hapo kitambo, midomo ikicheza, akimwambia yaliyokuwa ya wawili. Alimwaga kidogo kwa yule bibi. Yaliyobaki aliyanywa.

Moshi ulimpanda puani. Uliwahi kumpanda hivyo siku ile alipowekewa kibuyu mapajani, kijana wa miaka kumi na tisa asiyejua kitu.

"Shikamoo, mama," Yuditha alisema, kwa sauti ambayo hata aliyekuwa mbali aliisikia. Kisha akafuta mdomo wa kata kwa kitenge chake, akageuka, akampa Naanyu.